Pointi za Kulala Mikindani

Tanga,
3 Juni 2001

Mke wangu mpendwa,

Asalaam alaikum. Mimi mzima na kazi inakwenda. Pangani tumemaliza kupima kina cha maji, sasa tupo hapa Tanga mpaka mwisho wa mwezi.

Mkuu wetu wa mradi, yule Mholanzi, ana ugonjwa mmoja: hataki kulala kwenye nyumba mpya. Kila mji tunaofika anatafuta jumba la zamani lililogeuzwa hoteli, lenye milango ya nakshi na vitanda virefu vya kupandia kwa kigoda. Sisi wasaidizi wake tunalala humo humo, kwa kuwa mradi ndio unaolipa. Majumba yote hayo ni ya kampuni moja, inaitwa Majumba ya Kale.

Sasa sikia. Kampuni hiyo imenipa kadi. Nikilala usiku mmoja naandikiwa pointi kumi. Pointi zikifika mia sita, mtu analala siku mbili bure, yeye na mwenzake, katika jumba lolote analotaka. Mimi nimechagua Mikindani. Unalikumbuka lile jumba la liwali lililokuwa gofu, mbuzi wakiingia na kutoka? Wamelitengeneza. Lina vyumba vinane tu, na mhudumu anakuja mwenyewe kukuuliza chai unaitaka saa ngapi. Nataka nikupeleke huko ukapumzike, ukae usiguse hata sufuria.

Kuhusu kuja mwezi huu, mkuu amekataa ruhusa. Nitajitahidi Idd, inshallah.

Wako,
Shafii


Chikongola, Mtwara,
19 Juni 2001

Baba Somoe,

Waalaikum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu mpaka jirani Fatuma akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Nikamwambia mume wangu ananipeleka hotelini Mikindani, kwao, alikozaliwa na alikotahiriwa, na nyumba tunayo hapa hapa, ina kitanda, na kitanda chenyewe kina nafasi upande mmoja. Fatuma hakucheka. Alisema wanaume wa siku hizi wana mambo.

Hesabu yako nimeipiga. Pointi mia sita ni mara sitini umelala vitanda vya watu ili tupate kulala pamoja mara mbili. Hao wenye kampuni wana akili kutuzidi.

Usidhani nakataa. Nitakwenda, na gauni nitashona jipya. Nataka na mimi nijue watu wanaoletewa chai chumbani huwa wanazungumza nini asubuhi.

Lakini nikuulize jambo, na usinijibu kwa habari za Mholanzi. Idd iliyopita ulikuja ukalala sebuleni kwenye mkeka, ukasema joto. Siku ya pili ukaondoka. Chumba cha Somoe hukukitupia hata jicho. Barua yako imejaa majumba na kina cha maji, jina la mtoto halimo. Zamani ulikuwa ukiniita Mama Somoe hata mbele ya mkuu wa bandari, siku hizi mimi ni mke wangu mpendwa, utadhani barua inatoka benki. Mtoto amekufa, Shafii, lakini mimi bado ni mama yake.

Cherehani inakwenda vizuri. Shule mbili zimenipa kazi ya sare, na mwezi wa saba ninakuwa na shughuli mpaka shingoni. Wewe njoo tu. Njoo hata bila pointi.

Mama Somoe


Bagamoyo,
2 Desemba 2001

Mke wangu mpendwa,

Asalaam alaikum. Ramadhani njema. Nasikitika kukuarifu kwamba Idd hii sitaweza kufika. Vipimo vya hapa vimetoka vibaya na tunaanza upya. Nimempa dereva wa lori, Bwana Andrea, vitenge viwili na tende akuletee.

Pointi zimefika mia tano na arobaini. Tuombe uzima.

Barua yako ya mwezi wa sita ninayo. Nimeanza kuijibu mara nyingi. Nitaijibu.

Shafii


MAJUMBA YA KALE
Ofisi ya Wageni wa Kudumu, Dar es Salaam
21 Januari 2002

Ndugu Shafii Nampoto,
Chikongola, Mtwara.

Ndugu Mgeni Wetu,

Tunayo furaha kukutaarifu kwamba umefikisha pointi mia sita na kumi. Sasa unastahili kulala siku mbili bila malipo katika jumba lolote utakalochagua, wewe na mwenza wako, pamoja na kifungua kinywa. Tafadhali zingatia kuwa pointi hizi zinaisha nguvu tarehe 30 Aprili mwaka huu. Ikiwa hutaweza kuzitumia mwenyewe, unaweza kumwachia mwenza wako kwa barua yenye saini yako.

Kwa kumbukumbu zako tumeorodhesha ziara ulizofanya nje ya zile zinazolipiwa na mradi wako:

Jumba la Liwali, Mikindani, usiku wa 17 Aprili 1999.
Jumba la Liwali, Mikindani, usiku wa 17 Aprili 2000.
Jumba la Liwali, Mikindani, usiku wa 17 Aprili 2001.

Wahudumu wetu wa Mikindani wanakukumbuka kwa upole wako na wanatumaini kukuona tena Aprili hii.

Wako katika huduma,
Faraja Mwakalinga


Chikongola, Mtwara,
9 Februari 2002

Shafii,

Barua ya hoteli yako imeletwa hapa kwa sababu anwani uliyowaandikia ni hii. Imeandikwa jina lako, nami nimeifungua. Nakupelekea pamoja na hii, uisome mwenyewe.

Siku ya kwanza sikusoma tarehe. Nilisoma Mikindani, mara tatu, nikaona giza. Fatuma alisema moja kwa moja ni mwanamke, akaanza hata kumtafutia jina. Nikalala na hilo siku nne. Siku ya tano nikaitazama karatasi tena, nikaona ni tarehe moja kila mwaka. Ningefurahi kama angekuwa mwanamke. Mwanamke ningekwenda kumtukana, nikarudi nyumbani nimepoa.

Tarehe kumi na saba mwezi wa nne tulimzika mwanetu. Na miaka mitatu mfululizo, siku hiyo hiyo, wewe umekuja kulala hotelini, kilomita kumi na moja kutoka hapa nilipokaa peke yangu nimejifungia ndani. Asubuhi ukapanda gari, ukapita barabara ileile, ukarudi zako Dar. Nimekosa nini nisichoweza kuambiwa?

Nadhani ninakijua. Nimekificha miaka minne, sasa nakiandika.

Siku ile ya Ijumaa, ujumbe wako kutoka Kibiti ulitufikia. Mume wa Fatuma aliuleta kutoka posta saa tatu asubuhi, umeandikwa maneno manne: nipo njiani, nisubirini, Shafii. Ndugu yako Issa alitaka kusubiri mpaka kesho yake. Wewe siku zote umeamini kwamba Issa ndiye aliyeharakisha, na Issa amekubali kulaumiwa kwa ajili yangu. Mambo hayakuwa hivyo. Wazee walituma mtu ndani kuniuliza, kwa kuwa baba hayupo, mama anasema nini. Nilikuwa nimeshamwosha. Mvua ile ya El Nino ilikuwa inaingia ndani kupitia paa, na redio ilisema Rufiji imefurika, kivuko hakivuki. Nikasema, "Azikwe leo." Wakamchukua kabla ya sala, wakamlaza Mikindani kwenye makaburi ya kwenu. Mimi nikabaki na wanawake ndani, kama ilivyo kawaida. Wanawake wa ukoo wenu hawaendi makaburini, hata baadaye, kwa hiyo mpaka leo sijui mwanangu amelala wapi.

Ulipofika siku ya tisa ukakuta tumekwisha kusoma khitma, hukuuliza lolote. Nikasema moyoni, amejua, na hatanisamehe. Kila ulipolala kwenye mkeka nilijua ni kwa sababu hiyo.

Sasa niambie kama ndivyo. Mimi nimechoka kuishi na mtu anayekuja kwa barua.

Mwanahamisi


Kilambo,
14 Machi 2002

Mama Somoe,

Nakuandikia nikiwa Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma. Tunapima maji ya kivukoni na kushuka nayo mpaka yanapokutana na bahari. Hapa hakuna jumba la kale wala pointi, tunalala kwenye mahema na viboko wanalia usiku kucha. Kutoka hapa kwa lori mpaka mlangoni kwako ni saa mbili. Nimekuwa hapa wiki tatu. Naanza na hilo ili ujue ni mtu wa namna gani anayekuandikia.

Sikujua kwamba ulisema wewe. Na kama ningejua, nisingekulaumu hata dakika moja. Ulifanya lililopaswa. Mimi ndiye niliyekuficha.

Wewe unajua nilipata habari Alhamisi usiku nikaondoka, barabara ikanikwamisha. Ndivyo nilivyomwambia kila mtu. Ukweli ni kwamba habari ya homa niliipata Jumanne. Issa alipiga simu ofisini, akasema, "Mtoto anaweweseka, njoo." Jumanne mabasi yalikuwa yanavuka Rufiji bila shida. Lakini Alhamisi kulikuwa na meli ya kukaguliwa, na msimamizi alikuwa ameniahidi kazi ya kudumu nikiikagua vizuri. Nikajiambia Somoe kila masika anaugua na kila masika anapona. Nikamaliza meli yangu. Nilipofika Kibiti Ijumaa asubuhi kivuko kilikuwa kimesimama tangu Jumatano. Nikapiga simu posta ya Mtwara, wakaniambia amefariki. Ndipo nikatuma maneno yale manne, nikiwaomba watu wanisubiri, mimi ambaye sikuwahi kukimbilia kwa mwanangu.

Nilipofika siku ya tisa ulinikumbatia ukaniambia, pole, barabara imekufanyia ubaya. Kama ungenipiga ningeweza kukaa. Tangu siku hiyo nikiingia ndani ya nyumba ile nasikia pole yako.

Kila tarehe kumi na saba naja Mikindani kumtazama. Nafika jioni, nalala, asubuhi nakaa naye saa moja au mbili. Kila mara nakuwa nimeazimia kuja kwako baada ya hapo. Nasimama kituoni, gari la Mtwara linakuja, linajaa, linaondoka. Kadi niliitoa kwa mazoea tu, mhudumu aliiomba nikampa. Sikufikiria kwamba itanisema.

Kaburi lake liko safu ya tatu ukihesabu kutoka kwenye ukuta wa barabarani. Lina mawe mawili ya matumbawe, moja kichwani moja miguuni, la kichwani nimelipaka chokaa. Nimepanda mrehani na umeshika. Nisamehe, ilinipasa nikuandikie haya zamani.

Pointi nimekuachia wewe. Nimeandika barua na kutia saini, na nimewaambia wakuwekee chumba usiku wa tarehe 16 na wa tarehe 17 Aprili. Tarehe 17 ndiyo ningekuja mimi. Mwaka huu sitakwenda, usiwe na wasiwasi wa kunikuta. Nenda kapumzike.

Shafii


Jumba la Liwali, Mikindani,
17 Aprili 2002, asubuhi

Baba Somoe,

Karatasi hii yenye picha ya jumba nimeikuta mezani, wanaigawa bure. Nitaituma Kilambo kwa lori la kesho.

Nilikuja jana alasiri na kifurushi changu. Kijana wa mapokezi, anaitwa Stefano, alinyanyua kile kifurushi utadhani nimebeba mayai, akaniuliza mwenzangu anafika saa ngapi. Nikamwambia hafiki. Akaandika kitu kwenye daftari lake bila kuniangalia. Kitandani nimekuta mito sita. Nimeipanga yote upande wako, ikakaa vizuri, nikalala. Chai imeletwa saa kumi na mbili na nusu, sinia lina vikombe viwili. Nimekunywa vyote viwili, maana vimepatikana kwa shida.

Chumba walichonipa ni kile cha nyuma. Nilitaka kulalamika, kwa kuwa wengine wote wanatazama bahari na mimi natazama paa za watu. Stefano akaniambia Bwana Nampoto siku zote anakiomba hiki hiki, wanashangaa kwa nini. Asubuhi nikafungua dirisha. Juu ya paa za makuti nikaona ukuta wa barabarani, na nyuma yake makaburi. Nikahesabu safu tatu. Chokaa yako inaonekana mpaka huku.

Sikungoja kumwuliza Issa wala mtu yeyote. Nikajitanda kanga nikatoka. Njiani nilipishana na wazee wawili, mmoja akanisalimia, mwingine akatazama pembeni. Mrehani wako umekuwa kichaka. Nilikaa chini pale nikashindwa kusoma hata Fatiha, ikawa kila nikianza nasahau. Nikamweleza habari. Nikamwambia sasa nashona sare, na kwamba meno yake mawili yaliyong'oka ninayo. Nikamwambia baba yake alichelewa na mama yake hakusubiri. Nimelia, Shafii, kwa sauti, jambo ambalo miaka minne iliyopita waliniambia nisilifanye.

Halafu nikakungoja. Ulisema hutakuja, lakini nilikungoja. Kila aliyepita barabarani nilinyanyua kichwa. Mpaka jua likawa kali ndiyo nikarudi chumbani, wakaniuliza kama kifungua kinywa kilikuwa

Fatuma amefika. Amekuja na gari la Chikongola, ana barua mkononi na hataki kukaa.


Chikongola, nyumbani,
17 Aprili 2002

Mama Somoe,

Nipo nyumbani. Nimefika jana magharibi kwa lori kutoka Kilambo. Nilijua haupo, ndiyo maana nikathubutu. Fatuma alinipa ufunguo, salamu hakunipa.

Niliingia mpaka chumba cha Somoe. Miaka yote minne nilikuwa nakiona akilini kimefungwa, kitanda kimetandikwa, kila kitu kimekaa kama siku ile. Nikakuta cherehani yako imo humo. Nikakuta sare zimetundikwa ukutani, ishirini na kitu, zote za watoto wa darasa la kwanza. Unashona humo, na mimi nilikuwa naogopa kupita mlangoni.

Nimelala juu ya kitanda chake, miguu nje. Nimeona paa lilipokuwa likivuja na alama ya maji ukutani. Nimeona unapoweka sahani moja na kikombe kimoja. Leo asubuhi sikwenda Mikindani, na sijui kama nimefanya vema. Kila mwaka nilikwenda kwake nikakuacha wewe. Mwaka huu nilitaka nianze na huku.

Nimemwomba mkuu wiki mbili, amenipa. Nikipata kazi yoyote bandarini hapa sitarudi kwake.

Kuhusu siku zile mbili nilizochelewa kuondoka sina la kujitetea. Ukiniambia niondoke nitaondoka. Lakini usiku wa pili bado upo, na chumba ni cha watu wawili. Ukisema ndiyo, Fatuma akirudi na neno lako, nitapanda gari la saa kumi na mbili jioni. Tutalala kama nilivyokuahidi, na kesho tutakwenda kwake pamoja.

Shafii


Jumba la Liwali, Mikindani,
17 Aprili 2002, saa nane mchana

Baba Somoe,

Fatuma ameona sahani za hapa na kukubali kula, kwa hiyo nina nusu saa ya kukuandikia. Nimekuwekea na barua niliyoanza asubuhi, isome kwanza. Ilikatika kwa sababu yako.

Nimesoma yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimefurahi. Ningependa kukuandikia kwamba siku zile mbili si kitu. Siwezi. Ungeondoka Jumanne ungemkuta anaongea, alikuita Jumatano mchana mzima. Hilo nitakuwa nalo mpaka nife. Na wewe utakuwa na langu, kwamba nilisikia ujumbe wako nikasema azikwe. Tutakaa na haya mawili, ama nyumba moja ama nyumba mbili.

Usije jioni. Usiku wa pili nitaulala hapa peke yangu, nimeshauzoea. Na wewe lala hapo. Usiende sebuleni kwenye mkeka, lala kitandani kwetu. Mimi nimelala humo peke yangu miaka minne, nakuomba usiku mmoja tu, uisikie nyumba ilivyo watu wote wakishalala na hakuna wa kumwambia neno. Ukishindwa, lori la Kilambo linapita saa kumi na moja alfajiri, panda. Fatuma nimemkataza kukulaumu.

Nitaondoka hapa baada ya chai. Saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni. Nikikuta umefungwa sitabisha, nitachukua ufunguo kwa Fatuma kama siku zote, na sitakuuliza tena ulilala wapi.

Mwanahamisi